Mkate wa Delia

Attracta Durcan alikuwa na donge moyoni, na donge lenyewe lilikuwa la mdogo wake Delia, aliyekaa ng'ambo ya ua wa miiba. Kila mtoto aliyeshikwa na kifaduro upande ule wa Sligo, mama yake alimbeba hadi kwa Delia kuomba kipande cha mkate. Delia alizaliwa Tansey, akaolewa na Tansey mwingine asiyehusiana naye kwa damu hata chembe, na mkate wa mke wa namna hiyo huponya kifaduro. Usiulize kwa nini. Haulipiwi, wala hausemewi asante.

Kilichomuuma Attracta ni kwamba Malachy Tansey, mumewe Delia, alimposa yeye kwanza. Naye akamcheka kisimani, mbele ya watu: "Nizaliwe Tansey, nife Tansey? Hata jina jipya nisipate?" Akaolewa na Durcan. Sasa jina alilolitupa ndilo lililomfanya Delia aheshimiwe kama mganga, na Attracta alikuwa akichungulia mikokoteni mlangoni kwa mdogo wake mpaka macho yanamwasha.

Kisha binti yake Dympna, wa miaka mitatu, akaanza kukohoa.

Dawa ya chupa ya daktari haikusaidia kitu. Akampitisha mtoto chini ya tumbo la punda mara tatu, kama wazee walivyofanya. Punda akampiga Durcan teke, kikohozi kikabaki palepale.

"Mkate uko hapo tu nyuma ya ua," mumewe alisema, akijisugua paja.

"Afadhali nile majani."

"Nani kakwambia ule wewe?"

Siku ya kumi na moja Dympna alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Attracta akambeba, akavuka ua peku, akagonga.

"Delia, nimekuja kuomba mkate."

Alijua atarudishiwa maneno yake ya kisimani. Lakini Delia alivuta mkate uliokuwa mezani, ungali moto, akamega, akamlisha mtoto.

"Jamani dada, siku zote hizi! Namsikia kutoka hapa. Kila asubuhi naoka mmoja wa kwake, jioni nawapa kuku."

"Si ungeuleta?"

"Niulete? Usipoombwa unakuwa mkate tu. Unalijua hilo."

Alilijua tangu utotoni. Attracta akafungua mdomo, neno likiwa kwenye ncha ya ulimi, na Delia akamziba haraka kwa kiganja chenye unga.

"Usithubutu! Utaharibu dawa."

Akarudi nyumbani na unga midomoni. Dympna alikohoa mara mbili tu njiani, akalala begani. Lile jina Attracta hakulionea wivu tena. Alichomwonea Delia wivu sasa ni ile mikate kumi ya kuku, maana alijua fika kwamba yeye asingeoka hata mmoja.