Kisiwa cha Kumi na Moja

Mkoa wetu una visiwa ishirini na saba. Vyenye watu vilikuwa kumi na moja, na kwenye hicho cha kumi na moja alikaa baba yangu, peke yake. "Mimi ndiye raia, ndiye mwenyekiti, na ndiye mpinzani," alikuwa akisema, halafu anacheka mwenyewe.

Mimi ni karani wa mkoa. Daftari la visiwa ni langu. Kanuni niliichapa kwa mikono yangu: kisiwa kikibaki bila mkazi kinafungwa siku hiyo hiyo, boti ya serikali haiendi tena, na hakuna ruhusa ya kushuka wala kuzika huko. Sheria ni msumeno, watu husema, na wengi wanaosema hivyo hawajakatwa.

Baba alifia hospitali ya mjini alfajiri, mkono wake ndani ya mkono wangu. Alikuwa ameomba jambo moja tu: akalazwe kule, ubavuni mwa mama. Nilimjibu, "Sawa, baba." Nikatoka. Sikusikia kitu, si uchungu si njaa. Miguu ikanipeleka kazini kama siku zote. Nikafungua daftari, kwenye safu ya wakazi wa kisiwa chake nikakata moja, nikaandika sifuri, nikagonga muhuri, nikatuma taarifa wizarani. Saa mbili na robo nilikuwa nimemaliza.

Saa tatu dada yangu mkubwa akaingia na sanda kwenye mfuko.

"Boti inaondoka saa ngapi?"

Bosi wangu, tunayemwita Bi Rula kwa jinsi anavyopenda kupiga mistari, alisimama kumpa pole. Si mtu mbaya. Akanigeukia, akashusha sauti.

"Daftari liache mpaka kesho. Leo kisiwa bado kina mtu. Mzikeni kwanza, ndiyo uandike. Nani atauliza?"

"Nimeshaandika."

"Lini?"

"Asubuhi. Na nimeshatuma."

Bi Rula alipiga simu wizarani mara mbili, akaomba, akabembeleza. Walimsomea kanuni yangu neno kwa neno.

"Baba hajapoa," dada alisema, "wewe umeshamfuta?"

"Sikujua ninafanya nini," nikamjibu. Ni kweli, lakini ukweli huo haukumfaa mtu.

Tulimzika mjini, kaburi namba mia nne na sita, kati ya watu tusiowajua. Waombolezaji waliniambia nijikaze. Sikuwa na cha kukaza.

Jumatatu nilirudi kazini. Dada akapiga simu ya ofisini. Aliuliza kama kuna kibali maalumu cha kwenda kule, hata cha saa moja. Nikamwambia hakipo. Hakukata simu.

"Kaburi la mama alikuwa akilipalilia baba. Sasa nani ataliangalia?"

"Kisiwa hicho hakina mtu," nilisema, kwa sauti ile ile ninayowajibu wote wanaopiga.