Niliyemlipa Kwanza

Nilitafuta wakili mzungu makusudi. Hapa Sydney ukimwambia Mkenya mmoja tu kwamba umefilisika, Jumapili haifiki kabla kanisa zima halijakuombea kwa jina. Nilipiga ile simu ya bure ya ushauri wa madeni, wakanipa majina matatu, nikachagua ofisi ya St Marys kwa sababu jina la mlangoni lilikuwa la Kizungu. Nikaingia. Nyuma ya meza nikamkuta Mugambi, mtu wa Meru, ananikaribisha kwa Kiswahili.

"Relax, dada Jepchumba," akasema alipouona uso wangu. "Nikitoa siri ya client nanyang'anywa leseni."

Basi nikamwaga yote. Malori mawili ambayo mume wangu Cheruiyot alinunua kwa mkopo na sahihi yangu. Biashara ilivyokufa. Yeye alivyohamia Perth kwa mwanamke mwingine akaniachia barua za benki. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi hata hiyo harusi sikuiona. Mshahara wangu wa kuwaogesha wazee haukutosha kulipa hata riba.

Mugambi alinieleza polepole. "Bankruptcy ni miaka mitatu na siku moja. Unapewa trustee, yaani mfilisi, ndiye anashika mambo yako. Super yako, ile akiba ya uzeeni, haiguswi. Lakini ukitaka kwenda Kenya, hata kama ni kumzika mama, lazima uombe ruhusa yake. Na jina lako linabaki kwenye rejista maisha yako yote."

Nikameza yote hayo. Aibu nilikuwa nimeshajiandaa nayo tangu nyumbani.

"Sasa niambie," akasema. "Hii miezi sita, kuna mtu yeyote umemlipa deni?"

Hapo nikainua kichwa. Lilikuwa swali la kwanza nililoweza kulijibu kwa kujivuna. "Nimemlipa Léonie. Niliuza gari mwezi wa tatu, nikampa dola elfu tisa zake zote. Dawa ya deni ni kulipa, ama?"

Mugambi akaweka kalamu chini.

Nikadhani hajaelewa, nikamweleza. Léonie ni Mkongo wa Bukavu, anafunga maboksi kwenye ghala kule Ingleburn. Benki ziliponifungia milango alinikopesha akiba yake, bila karatasi, bila shahidi. Ilikuwa pesa ya kumleta binti yake mkubwa, Darlène, aliyebaki Kampala. Ningemwekaje mtu kama huyo foleni moja na benki?

"Hapo ndipo shida iko," akasema. "Kwa sheria, wote wanaokudai ni sawa. Ukimlipa mmoja ndani ya miezi sita kabla ya kufilisika, na unajua huwezi kulipa wengine, trustee anaweza kumfuata arudishe, igawanywe kwa wote. Sisemi ni lazima. Lakini elfu tisa si pesa ya kuachwa hivi hivi."

"Nisipomwandika je?"

"Hiyo ni offence. Na bank statement yako inamtaja."

"Nikingoja miezi sita iishe?"

"Benki imeshakupeleka kortini. Wakikufilisi wao, sheria ni ile ile."

Akanipa karatasi za kwenda kujaza nyumbani. Sikwenda nyumbani. Nilipanda treni, nikabadilisha njiani, nikashuka Ingleburn nikiwa bado nimezishika mkononi.

Léonie alifungua mlango akicheka. "Dada! Ni kama ulisikia! Visa ya Darlène imetoka, na tiketi nimeisha kununua. Angalia!" Akanisogezea simu.

Niliangalia. Kisha nikamwambia, pale pale mlangoni, vibaya na kwa haraka. Nikaanza kulia kabla sijamaliza, nikajichukia, maana zamu ya kulia ilikuwa yake.

Yeye hakulia. Aliuliza swali moja moja mpaka akaelewa.

"Ile pesa haiko tena," akasema. "Ilienda kwa visa, kwa dokta, kwa tiketi. Wakiniomba, nitaitosha wapi, nitaipata wapi?"

"Nilikulipa kwanza kwa sababu nakupenda, mama Darlène."

"Najua. Lakini banki ingengoja. Na mimi ningengoja. Juu ya nini haukuuliza mtu mbele ya kunilipa?"

Ukweli ni kwamba nilitaka kujisikia mtu mwema walau siku moja mwaka ule, na niliinunua siku hiyo kwa mgongo wake.

"Sitaandika jina lako," nikasema.

Akanikazia macho. "Mimi nilijaza karatasi za ukimbizi miaka kumi na moja. Sikuandika uongo hata siku moja. Hautaanzia kwa jina yangu. Kaa, andika."

Akaondoa sahani mezani, akanivutia kiti. Nikaandika jina lake, yeye mwenyewe akinitajia herufi. Nikaandika tarehe. Nikaandika elfu tisa. Chini yake palikuwa na mstari unaouliza mtu huyu ni nani kwako. Nikaandika: rafiki.

Léonie alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma.

"Kata hiyo," akasema taratibu. "Andika: alinikopesha pesa."

Nikakata.