Dawa ya Mbio ya Shangazi

Shangazi mwenyewe ndiye aliyetaka dawa yake ipimwe. Kopo la mizizi ya kuongeza pumzi lilikuwa likimweka mjini, lakini majirani walimwita tapeli.

"Nipimie, mwanangu, wazibe midomo," alimwambia binti wa kaka yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Binti huyo sasa alikuwa mtafiti chuoni, na ukoo mzima ulimwita Daktari.

Daktari akawagawa wakimbiaji wa mtaani makundi mawili. Hawa walimeza vidonge vya mizizi, wale vidonge vya unga wa mahindi, na hakuna aliyejua kapewa kipi. Wiki kwa wiki walikimbia juu ya mashine mpaka miguu ikagoma. Fundi bomba mmoja alikimbia hadi akatapika kwenye ndoo, akajifuta mdomo, akauliza, "Nimewazidi?"

Majibu yakatoka. Daktari alirudia hesabu huku akiomba awe amekosea. Hakukosea. Makundi yote mawili yalikuwa sawasawa.

Akaenda kumwambia Shangazi mwenyewe, asije akayasikia kwa watu. Alimkuta jikoni anachekecha unga wa mizizi.

"Haimdhuru mtu, Shangazi. Ila mbio haiongezi."

Chekecheo likasimama. "Nimekuogesha kwa mikono hii. Ulikosa hata neno moja la kunisitiri?"



Haukupita muda, makopo mapya yakajaa madukani. Yalibandikwa picha ya Daktari kavaa koti jeupe, na chini yake: IMEPIMWA CHUO KIKUU. Daktari akaenda dukani kwa Shangazi, kopo mkononi.

"Uongo uko wapi?" Shangazi akauliza. "Ulipima, hukupima?"

"Nilipima nikakuta si kitu!"

"Kopo ni dogo, mwanangu. Maneno yote hayo hayaenei."

Mara akaingia yule fundi bomba, akachukua makopo mawili.

"Kaka, rudisha," Daktari akamsihi. "Wewe ulikuwa unakula unga wa mahindi."

Fundi akacheka kwa furaha. "Kumbe! Kama unga tu ulinifikisha pale, je, nikipata yenyewe?"

Shangazi akamfungia makopo yake taratibu, jicho halimtoki Daktari.

Tangu siku ile Daktari hakanyagi kwa Shangazi. Wakimbiaji wakimsimamisha njiani kumshukuru, huinamisha kichwa akapita.