Foleni ya Chumba Namba Sita

Jumanne saa nne asubuhi, msusi alikuwa anamsuka mteja wa pili wakati karani wa wakili alipoingia, akasalimia, akamkabidhi bahasha. Mwalimu mstaafu aliyepakwa dawa ya kulainisha nywele mwezi uliopita alikuwa ameungua utosi. Nywele hazikuota tena. Alikuwa anamshtaki.

Msusi aliisoma barua mara mbili. Alipoinua macho, draya ilikuwa imejichomoa kwenye umeme. Ilijizungushia waya wake, ikatoka mlangoni kwa magurudumu, ikashika njia ya mahakamani. Watu waliipisha.

Kesho yake viliondoka viti. Alhamisi likafuata sinki la kuoshea, huku likidondosha maji barabarani. Msusi alikwenda kuvitazama. Vilikuwa vimejipanga kwenye korido ya mahakama, nje ya chumba namba sita, na askari wa zamu alikuwa ameshavipa namba.

"Mbona kesi haijasikilizwa?" aliuliza msusi.

"Vinawahi nafasi tu, dada," askari alimjibu.

Ijumaa ilikuwa zamu ya nyumbani, maana kisheria saluni na yeye walikuwa kitu kimoja. Kitanda kilitoka. Jiko likatoka na chai juu yake. Jioni alimkuta mama yake mzazi, ambaye tangu apate kiharusi hakutembea bila kushikwa mkono, amesimama mlangoni, viatu miguuni.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Sijui, mwanangu. Miguu inanivuta."

Msusi alifunga mlango, akauegemea, akamkumbatia mama yake kwa nguvu zote. Ile miguu haikutulia. Iliendelea kupiga hatua palepale, polepole, hadi kulipokucha.

Jumamosi wifi yake, mshirika wake katika saluni, alirudi safarini.

"Wifi, si tuna bima?" aliuliza alipomaliza kuisoma ile barua.

"Bima gani?"

"Ya dhima. Mteja akitushtaki, wanatuwekea wakili. Ikibidi alipwe, wanalipa wao. Sikukwambia. Ningekwambia, ungesema natupa hela."

Msusi alikaa chini akalia.

Wakili wa bima alifika mchana, akaketi sakafuni kwa kuwa viti havikuwepo. Alichukua chupa ya dawa ikapimwe, kisha akauliza kama msusi amemwandikia mwalimu chochote.

"Nilitaka kumwomba radhi."

"Usithubutu. Kuanzia sasa tunasema sisi."

Msusi alitia saini. Mama yake akavua viatu, akaomba maji.

Wiki tatu baadaye bima na mwalimu walikubaliana nje ya mahakama. Majibu ya vipimo yalionyesha dawa kali mara tatu kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa, lakini walioitengeneza hawakuitwa mahakamani, na bado ilikuwa inauzwa kila duka. Vyombo vikaanza kurudi. Msusi na wakili walipokwenda mahakamani kusajili makubaliano, mwalimu alikuwa koridoni, kitambaa kichwani, ameketi kwenye kiti kimojawapo cha saluni.

"Mwanangu," alimwita msusi, "ulijua kuna nini ndani ya ile dawa?"

Msusi alifungua kinywa. Wakili wa bima akamshika kiwiko.

"Basi nani alijua?" mwalimu aliuliza.

Wakili akamwongoza msusi nje. Kiti kilimsubiri mwalimu ainuke, kisha kikavifuata vingine.