Mtoto Asiyejua Kusoma

Paa la shule ya Mwalimu Drande lilikuwa limetoboka, na wakubwa wa elimu wa wilaya walishasema wazi: theluji ikianguka kabla halijaezekwa, shule inafungwa na watoto wanapelekwa bweni mjini, kule bondeni. Kila mtu kijijini alijua maana yake. Watoto wakishuka, mama zao nao watashuka, na mlimani watabaki wazee na mbuzi.

Kwa hiyo iliposikika kwamba shirika la misaada la nchi za kaskazini linamtuma mtu kuja kuiona shule, Drande alimshukuru Mungu. Alitaka mgeni aikute shule kama ilivyo. Maskini, alikuwa amesahau anaishi na watu gani!

Kwingine husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika milima ile ya Albania, mgeni akija mwenyeji huficha ugonjwa. Wanawake walikuja na mashuka yao meupe ya harusi, wakayatandaza darini mpaka tundu likapotea. Mazulia yakaletwa, mwanakondoo akachinjwa.

"Baba Ndue, mnaficha tundu lenyewe tunaloliombea msaada!" Drande alilalamika.

Mzee Ndue, mkubwa wa kijiji, alimtazama kama anayemwona mtu aliyevua nguo kanisani. "Binti yangu, ndiyo haya uliyofundishwa huko Tirana? Mgeni hajala, umeshamwonyesha kidonda?"

Bi Birte, mgeni mwenyewe, alikuja, akala, akanywa raki, pombe kali ya kienyeji, mpaka mashavu yakawa mekundu. Kisha Lule, mjukuu wa Mzee Ndue, alisimama akamkaribisha kwa Kiingereza, akamuuliza kwa nini kwao jua la kiangazi linachelewa kuzama, na kabla mgeni hajamaliza kumeza akajijibu mwenyewe. Darasa zima likacheka. Drande alijaa fahari. Hakuona kwamba kamera ya mgeni ilikuwa bado mkobani.

"Mwalimu," Bi Birte alimwambia pembeni, "hawa ni hodari mno. Nyumbani nitawaambia nini? Watu wetu hutoa wakimwona mtoto asiyejua kusoma."

"Wanajua kusoma, na mvua inawanyeshea. Yote mawili ni kweli."

"Najua. Lakini filamu yangu ni ya dakika moja. Hakuna hata mmoja asiyejua?"

"Hakuna."

Uso wa Bi Birte ukanywea kama wa mtu aliyepewa habari za msiba.

Drande alirudi darasani, akapanda juu ya dawati na kuyavuta mashuka yote chini. Wanawake wakapiga kelele. Mgeni alilipiga picha lile tundu, lakini halikumtosha. Alimtaka Lule. Ashike kitabu, akitazame kama mtu asiyeelewa kitu.

Drande alimtafsiria Mzee Ndue neno kwa neno, akiomba moyoni mzee apandwe na hasira, maana yeye mwenyewe alikuwa ameishiwa nguvu.

"Ameomba hilo?"

"Ameomba, baba."

"Na mkate wetu amekula?"

"Amekula."

"Basi mpeni. Mgeni hanyimwi." Sauti yake ilikuwa imekauka.

Lule alipewa kitabu kichwa chini miguu juu. Kamera ikawaka. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Anasoma," mgeni akanong'ona.

"Lule mwanangu, usisome," Drande akamsihi.

"Siwezi, mwalimu! Nikitazama tu, maneno yanajisoma."

Wakarudia, wakarudia tena. Mtoto ambaye hakuwahi kushindwa somo lolote aliona leo ameshindwa mbele ya babu yake na kijiji kizima, akaangua kilio.

"Hapo hapo!" Bi Birte akasema. "Vizuri sana!"

Mabati mekundu yalifika kabla ya theluji. Hilo lazima lisemwe: shule ipo, watoto hawakushuka. Ila wakati wa Krismasi, kijana mmoja wa kijiji aliyekuwa akifanya kazi Milano, Italia, aliiona ile filamu huko, akaituma kwenye simu ya Mzee Ndue. Simu ikapita mkono kwa mkono kwenye duka la kahawa. Chini ya uso wa Lule ulioloa machozi palikuwa na maandishi ya Kiitaliano: *Lule hajawahi kuingia darasani.* Wote walikuwa wamejifunza Kiitaliano kwa miaka mingi ya kutazama televisheni ya Italia, na hakuna aliyehitaji kusomewa. Mzee Ndue alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, akampa simu aliyefuata, naye akasoma.

Shule ilipofunguliwa, Drande alimwita Lule asome. Juu yao bati jipya lilikuwa kimya, halivuji hata tone. Msichana alisimama na kitabu mkononi, akamtazama kwanza mwalimu wake.

"Mwalimu, leo nisome au nisisome?"