Mita Hamsini kutoka kwa Baba

Mimi mtandao nautaka, watu wasije wakasema Adventina ni mshamba. Hapa Gishubi nikitaka kumpigia kaka yangu aliyeko Muyinga lazima nipande mlima na simu mkononi. Lakini mafundi wa mnara walipopigilia vigingi vyao, kimoja kilikaa hatua sita tu kutoka kaburi la baba.

Nikaenda ofisi ya komine. Bwana Fredi, anayeshughulikia viwanja, akafungua karatasi zake.

"Sheria iko wazi, mama Klara. Munara inakaa mita hamsini kutoka nyumba na kutoka kaburi. Lakini mi nilifika kule, sikuona kaburi. Niliona migomba na mawe. Uniletee mutu mwenye alizika, asinye hapa, atie sahihi. Siku munane, basi."

Aliyezika ni kaka Sebastiani. Mwaka wa tisini na tatu, vita vilipozuka, mama alikimbia na sisi wadogo, baba na Sebastiani wakabaki na ng'ombe. Wiki tatu baadaye Sebastiani akatukuta kambini Tanzania, peke yake, ana miaka kumi na tano. Akasema baba ameuawa, na amemzika mwenyewe nyuma ya nyumba, mgomba wa tatu kutoka jikoni. Matanga tuliyamalizia kulekule kambini.

Tulirudi baada ya miaka kumi na tano. Nyumba ilibaki alama tu, na migomba nayo haikai mahali pamoja, inazaa na kusogea. Mama alihesabu hivyohivyo. Mmoja, miwili, mitatu, akapanga mawe. Kila Jumapili akitoka kanisani anapalilia pale na kumpa baba habari za wiki. Hana kingine mama yangu. Wangeweka mnara pale, sijui angeenda wapi Jumapili.

Basi nikamfuata Sebastiani Muyinga. Anatengeneza baiskeli karibu na soko, mbele ya duka la Zuberi. Tangu turudi hajakanyaga Gishubi hata mara moja, kila mwaka kazi nyingi, na mimi nilikuwa nimemnunia kwa hilo.

"Njoo utie sahihi tu," nikamwambia. "Kesho unarudi."

Akaendelea kuzungusha gurudumu. "Siwezi."

"Huwezi nini? Kuandika jina lako?"

"Sikumzika, Adventina. Nilisikia wamemshika, nikakimbia. Mama akaniuliza nimemlaza wapi, na alikuwa ananitazama. Ningemwambia nini?"

Nilikaa juu ya ndoo yake nikaangalia gurudumu mpaka likasimama. Nilijua napaswa kulia, lakini sikusikia huzuni wala hasira, nilisikia mgongo tu unauma kwa safari. Akaniletea chai, nikainywa.

"Nije niseme ukweli?" akauliza.

"Kaa hukuhuku."

Siku ya nane nikarudi komine. Bwana Fredi akauliza mtu aliyezika yuko wapi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizika na kaka yangu."

Akachukua kitambulisho changu, akasoma mwaka niliozaliwa. Mwaka wa tisini na tatu nilikuwa na miaka sita. Akakirudisha, kisha akanisogezea kalamu.

Vigingi vilihamishwa wiki ileile, vikashuka mpaka shambani kwa jirani yetu Dominiko, ambaye alifurahi sana kwa kodi ya mnara. Mama aliwatazama mafundi mpaka wakamaliza. Halafu akaniita nyuma ya nyumba, akasimama kando ya yale mawe.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Na mimi nikifa mnilaze hapa, upande wa kushoto. Ndio upande niliokuwa nalala kwa baba yako."

Nikasema ndiyo, mama. Akanipa jembe, nikapalilia.