Kisima cha Mwaka wa Harusi

Mchimbaji alikichimba kisima kile mwaka aliooa, mgongo wake ukiwa bado umenyooka. Siku maji yalipotokea, mkewe alishusha kikombe kwa kamba, akanywa, akasema chai yake haitahitaji tena sukari. Nyumba zilikuwa nne tu. Jioni wanawake walikaa ukingoni wakipiga soga mpaka wakasahau ndoo. Baadaye mkewe alitangulia mbele ya haki, lakini mzee aliendelea kuchota kikombe kila asubuhi na kukinywa taratibu, macho kayafumba.

Mtaa ulijaa. Vyumba vikabanana ukuta kwa ukuta, na kila familia mpya ilimwita yeye huyo huyo aichimbie choo. Cha kwanza alikiweka hatua arobaini kutoka kisimani. Vilivyofuata ishirini, kisha kumi. Nafasi haikuwepo, watu walimsihi, naye moyo wa kukataa hakuwa nao.

Mwaka huu watoto wa nyumba ya pili waliharisha wiki nzima, mmoja akalazwa. Bibi afya alikuja na chupa zake, akachukua maji kidogo, akarudi Alhamisi na majibu. Alimweleza mzee kwa upole kwamba uchafu wa vyooni unapenya ardhini hadi kisimani. Maji ni meupe na ladha ni ile ile, lakini hayafai kunywewa.

Mzee aligeuka akavitazama vyoo.

"Vyoo hivyo nimevichimba mimi, mwanangu. Vyote."

"Hukujua, baba."

"Hatua nilikuwa nahesabu. Nilijua kwa nini nahesabu."

Hakungoja kusukumwa. Alipita mlango kwa mlango akiwaambia watu wakachote maji kwenye bomba la mtaa wa juu, na hayo pia wayachemshe. Waliomcheka kwamba wamekunywa miaka yote na hawajafa, aliwapeleka wakamwone mtoto aliyelazwa. Jumamosi, yeye na mume wa bintiye wakamwaga zege juu ya mdomo wa kisima.

Zege likiwa bado bichi, shoga wa marehemu mkewe alikuja na kigoda, akaketi kando ya mzee. Akamwambia kwamba pete ya ndoa ya mkewe ilidondoka humo mwaka ule ule wa kwanza. Ile aliyokuwa akiivaa baadaye, yeye na marehemu waliinunua sokoni, wakaapa kufunga midomo.

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye saruji.

"Hebu nisimulie tangu mwanzo," akamwambia. "Alisemaje ilipodondoka?"